Kompyuta ya Kampuni Ndani ya Gunia la Mbegu

Amri ilianza Jumatatu: sisi tunaofanyia kazi nyumbani hatutafungua tena barua pepe ya ofisi kwenye simu, wala kwenye kompyuta ya kuazima. Ni kompyuta ya kampuni tu. Nilikasirika, sifichi. Nilizoea kuwajibu wateja popote nilipo, hata nikiwa kwa kinyozi kule mjini, mtaa wa Free Area ninakokaa. Sasa nilipokwenda kwa wazazi wangu Kuresoi kusaidia kupanda viazi, ilinibidi nilibebe hilo dude mgongoni.

Na wiki hiyo ndiyo niliyokuwa nikisubiri barua. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Meneja alinipigia simu akaniambia barua ya kazi ya kudumu ingeingia Ijumaa asubuhi, na niikubali kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi ingeenda kwa mwingine.

Ijumaa saa tano nikatoka kukamua ng'ombe wa pili, nikanawa, nikafungua kabati. Hamna kitu.

"Mum, kompyuta iko wapi?"

Mama akatabasamu kwa fahari. "Hiyo ni mali ya wenyewe. Ikiibwa si watakufuta kazi? Nimeificha mahali hakuna mwizi anaweza kufikiria."

Alikuwa ameiviringisha kwa leso na nailoni, akaizamisha ndani ya gunia la mbegu, vile viazi vilivyochipua ambavyo mwizi wa huku hana haja navyo. Tukaingia stoo. Gunia halikuwepo.

Kwetu jirani akiishiwa mbegu anapewa gunia, naye analirudisha baada ya kuvuna. Baba alikuwa amemwahidi mama mmoja mzee, mjane wa ng'ambo ya mto, na asubuhi hiyo alikuwa amempakilia gunia juu ya punda bila kuuliza mtu. Nani anauliza ruhusa ya kutoa mbegu?

"Nikaona ni nzito vizuri," baba akasema.

Ningemjibu vibaya, lakini miguu ilikuwa imeshatoka mlangoni. Niliteremka ule mteremko na gambuti zangu za mpira, nikavuka mto pasipo na daraja, nikapanda upande wa pili. Na cha ajabu, nilikuwa nacheka. Watu saba walikuwa kwenye mitaro wanapanda, na gunia letu limesimama katikati, mdomo wazi.

"Shosho, hiyo gunia!"

Yule nyanya mjane akanyooka polepole, mkono kiunoni. "Salimia watu kwanza."

Nikawasalimia mmoja mmoja, wote saba, huku nikiruka ruka kama mtu aliyebanwa na haja. Kisha nikatumbukiza mkono mpaka begani. Viazi, viazi, viazi, halafu leso! Nikaikumbatia mbele ya watu bila aibu.

Nikaketi kwenye tuta, nikaiunganisha na simu iliyokuwa mfukoni kupata intaneti. Saa tano na dakika arobaini. Nikakosea nywila kwa haraka. Nikakosea tena. Mama mjane akavua kofia yake akakinga jua lisimulike kioo. "Pole pole, msichana. Shamba haitoroki." Mara ya tatu ikafunguka. Barua ilikuwa pale. Nikabonyeza kukubali kwa kidole chenye udongo, nikapiga yowe mpaka punda akashtuka.

Ndipo mama yangu akafika akihema, leso imemwanguka mabegani, macho yamejaa machozi ya hofu. Nilipomwambia tumepata kazi, hakuniamini.

"Soma," akasema. "Soma na Kiswahili, hawa wote wasikie."

Majembe yakasimama. Nikasoma kuwa kuanzia mwezi ujao mimi ni mfanyakazi wa kudumu.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Mama akawatazama majirani, wale ambao kwa miaka miwili walimuuliza kwa nini binti yake anashinda nyumbani kama hana kazi.

"Rudia."

Mara ya tatu sauti ikanikatika katikati ya mstari. Wakanimalizia wenyewe, wote saba kwa pamoja, kwa maana walikuwa wameshaukariri.