Miguu Miwili ya Akoth

Jumanne ile ya mwezi wa tatu Daktari Kosgei alipomwaibisha Akoth, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na foleni nzima ya kliniki ya kisukari hapo Nakuru ilisikia.

"Mathe, unanidanganya," alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Sukari ya leo iko sawa, lakini kipimo cha miezi mitatu, kinachoonyesha sukari yako yote tangu wakati huo, kinasema wewe ni mwongo. Endelea tu. Krismasi itakukuta na mguu mmoja."

Kisha akamwita Chelangat, rafiki yake Akoth, muuza viazi wa Mau Narok, akamwambia yaleyale. Watu kwenye benchi wakacheka. Chelangat akajifunika uso kwa leso.

Walikuwa wamedanganya, ndiyo. Nani kwenye benchi lile hakuwa amedanganya? Siku mbili kabla ya kliniki mnaacha ugali, mnaacha chai, mnashinda na maji na sukuma wiki, na dawa mlizosahau mwezi mzima mnazikumbuka, ili mashine isome vizuri msigombezwe. Mkitoka hapo, moja kwa moja hotelini! Na huyo Kosgei, pamoja na kusoma kwake kote, hakuwahi kuuliza kwa nini watu wanamwogopa hivyo.

"Mimi kwa huyu sirudi," Chelangat alisema getini.

"Mimi nitarudi," Akoth akajibu. "Nitarudi na miguu yote miwili, niiweke juu ya meza yake. Atanijua mimi ni nani!"

Akafunga kibwebwe. Akoth hupikia madereva wa malori chapati na maharagwe pale Salgaa, na alikuwa na mazoea ya kuonja hadi anashiba. Akaacha kuonja. Akanunua mashine ndogo ya kupima sukari, na kila asubuhi akijidunga kidole alisema, "Chukua hiyo, Kosgei." Alikula ugali wake wa siku zote, akapima: kumi na nne. Kesho yake akala nusu, mboga zikajaa sahani: tisa. Ala! Kumbe mtu anaweza kujionea mwenyewe, bila kusubiri kutukanwa. Akaandika yote kwenye daftari, nambari nzuri na mbaya, hakuficha hata moja. Jioni aliosha miguu, akakausha katikati ya vidole, akakagua nyayo kwa kioo. Alimchukia Kosgei kwa moyo wake wote, na chuki ile ilimwamsha mapema.

Kila Jumapili alimpigia Chelangat simu.

"Umepima?"

"Niache, Akoth. Daktari alishasema."

Mwezi wa sita Chelangat akapata kidonda kwenye kidole cha mguu. Alikipaka majani, akaona haya kukipeleka kwa mtu. Mwezi wa nane wakamkata mguu chini ya goti. Akoth alilia wiki nzima, sukari ikapanda, akaiandika hiyo pia.

Jumanne ya kwanza ya Desemba aliingia, akavua viatu, akaketi, akapandisha miguu yote miwili juu ya meza, kwenye mafaili. Foleni ikanyoosha shingo.

Kosgei aliangalia miguu, akaangalia kipimo cha miezi mitatu, akatabasamu. "Mathe, safi sana! Umefanyaje?"

"Ulisema Krismasi itanikuta na mguu mmoja."

"Mimi? Nilisema hivyo?"

Hakukumbuka. Haki ya Mungu, miezi tisa mama wa watu anakula hasira asubuhi na jioni, na daktari mwenyewe hakumbuki! Akoth alihisi machozi, akayameza, akafungua daftari.

"Andika hapa: 'Nilisema mguu wa Akoth utakatwa, na haukukatwa.' Tia sahihi. Piga muhuri."

Kosgei alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akaandika. Akapiga muhuri.

"Bado. Andika na wa Chelangat."

"Chelangat ni nani?"

"Ulimgombeza siku hiyohiyo, baada yangu," Akoth akasema, akishusha miguu. "Wake ulikatwa. Yeye alikuamini."