Picha ya Thelathini na Tisa

Daftari langu la picha halina kosa hata moja; hilo lijulikane kabla sijakiri.

Mama alipotimiza miaka themanini, tulikutana Gilgil watoto wote saba. Nikaahidi kumpiga picha ya kutundika ukutani, kwa kamera yangu ya filamu. Binti yangu Chebet alileta ya dijitali.

"Wewe unapiga kama unayenyunyizia viazi dawa," nilimwambia. "Filamu ina picha thelathini na sita tu. Inakufundisha kufikiri."

Kila picha niliiandika: mwanga, kasi, nani kasimama wapi. Nilipoandika ya thelathini na tisa, Chebet alichungulia.

"Baba, si ulisema thelathini na sita?"

Nilifungua kamera mbele ya wote. Filamu ilikuwa ndani ya mkebe wake, haijasogea hata kidogo; hakuna picha hata moja iliyoingia.

"Chebet," Mama akasema, "mpige baba yako picha hivyo hivyo."