Nyumba ya Shetani kule Marabo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwetu mtaa wa Bigo mpaka sokoni, kwangu tayari ni safari. Sijui basi kwa nini binamu yangu Dezire, anayetengeneza upya filamu moja ya zamani ya kutisha, alinichagua mimi kumtafutia nyumba ya kuigizia.

Tukaenda Marabo. Ndiko kwao Furaha, mchumba wangu, lakini nyumba yao nilikuwa siijui: kwetu kijana hafiki kwa wakwe kabla baba zake wadogo hawajampeleka, na siku yangu ya kupelekwa ilikuwa samedi, Jumamosi iliyokuwa inakuja.

Nikaona nyumba moja, ukuta mweusi kwa moshi, dirisha limezibwa kwa bati. Nikapaza sauti: "Dezire, hapa hata shetani analala na taa!"

Mzee mmoja akatoka, akanitazama sana.

"Weye, unafanya kazi gani?"

Nikamjibu.

"Pombe unakunywa?"

Nikachanganyikiwa. Mwenye nyumba anauliza hayo ya nini?

"Hapana, papa. Siye tunataka nyumba siku mbili tu. Tutamwaga damu kidogo, kisha tutaosha."

"Damu?"

"Ya uongo, papa. Na ukuta usipake rangi. Ubaya wake ndio tunautaka."

Mzee akatikisa kichwa, akageukia mlango.

"Furaha! Leta viti. Ule bwana wako wa mu foto, wa samedi, amefika leo. Anasema hapa ni kwa shetani."

Furaha akatoka na kiti kimoja. Akampa Dezire.