Mgeni Aliyewahi Msiba Kwangu Ipagala

Niiteni mwongo baada ya kusoma, si kabla. Mimi nina cheti cha madarasa ya jioni ya watu wazima, kipo ukutani ndani ya fremu, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu akiandika jambo la kweli aandike alichokiona kwa macho yake. Haya niliyaona. Hapa na pale naweza kukoleza kidogo, ndiyo nilivyozaliwa, lakini mgeni mwenyewe simwongezei hata punje.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yamejaa kila kitu na mifuko yetu haina kitu. Mama mkwe wangu aliharisha siku tatu mfululizo. Dawa zote za dunia zilikuwa ndani ya duka la dawa, na sisi tulikuwa nje ya duka. Mume wangu yuko Hombolo, kibarua cha kupogolea mizabibu. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama mkwe, watu ambao kwa miaka sita hatukuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha. Aliniita "huyu wa Kondoa," kana kwamba mama yangu hakunipa jina.

Lakini darasani nilijifunza maji ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko. Unampa mgonjwa kijiko kimoja kimoja, huchoki. Nikaapa huyu mama hafi mikononi mwangu. Akifa nitagombana na nani?

Chumba chake kilikuwa tanuri, bati linachemka. Nikamhamishia sebuleni penye upepo, na ili godoro lipate nafasi nikatoa viti vyote nje, nikavipanga uani. Mmeona nilichofanya? Viti vya sebuleni nje, mchana kweupe, nyumba yenye mgonjwa. Kwetu hilo ni tangazo tosha kwamba kuna msiba. Mimi na cheti changu sikufikiri hata kidogo.

Ilipofika saa saba mchana maji yalikuwa yamebaki kikombe kimoja. Bombani foleni ya nusu siku. Nikimwacha hata robo saa, midomo yake inakauka kama ngozi ya ngoma. Ndipo nikasikia kilio uani.

Wanaosema mizuka hutoka usiku hawajui jua la Dodoma la mwezi wa kumi, jua ambalo hata mijusi huomba kivuli. Nilichungulia nikaona bibi kizee wa kaniki nyeusi, ameketi chini kando ya viti, miguu ameinyoosha, pembeni kaweka mzigo wa kuni na kifurushi cha unga, kama mtu aliyekuja matangani. Analia kwa sauti ndefu, anaita jina ambalo sijawahi kulisikia. Nikarudi na kijiko kwa mgonjwa, na kila bibi alipoliita jina lile, mama mkwe aliuma meno. Kijiko kikagonga, maji yakamwagika shingoni. Akaita tena, meno yakabana tena. Aliponyamaza kuvuta pumzi, mdomo ukalegea, kijiko kikapita.

Niamini, hapo hofu ilinipata. Na mimi hofu ikinipata, huja na hasira.

Nikatoka. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Si viti viko nje?"

"Viti viko nje kwa sababu ndani hakuna nafasi! Mgonjwa anapumua. Tena anapumua vizuri kuliko wewe."

Akanitazama. Machozi yalikuwa yanamdondoka matone makubwa makubwa, lakini vumbi pale chini halikulowa hata tone. Nikatazama njia aliyojia. Nyayo hakuna. Miguu ikataka kunikimbia, nikaikanyaga chini.

"Nimetoka mbali," akasema. "Mimi nikishakuja sirudi bure."

"Na hutarudi bure. Shika ndoo hii. Bomba liko kule kwenye mwarobaini."

"Mimi kazi yangu kulia tu, binti."

"Wa kulia tu hapa wamejaa. Nyumba hii ina mgonjwa, anayeingia anashika kazi. Huwezi, pita!"

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Alinyanyuka kwa kujikongoja, akaipokea ndoo. Vidole vyetu viligusana, baridi ikanipanda hadi begani.

Sikuwa nimefikisha vijiko kumi, akarudi na ndoo imejaa. Foleni ya nusu siku! Nikamtuma tena. Nikachukua kuni zake za matanga nikachemshia maji ya mgonjwa. Unga wake wa matanga nikaukorogea uji. Kila akitaka kukaa chini alie, namwita: "Bibi, mashuka haya!" "Bibi, ndoo nyingine!" Alileta ndoo kumi na saba. Nikisema ishirini, hapo nitakuwa nakoleza.

Jua lilipoanza kulegea nikatoka nimtume tena. Ndoo ilikuwa katikati ya uwanja, imejaa hadi mdomoni. Yeye hayupo. Uwanda wote mweupe, unaona hadi vilimani, hakuna mtu anayetembea.

Nikadhani yameisha. Mara wakaingia jirani yangu Mama Sofia na wanawake wengine wanne, kanga kiunoni, kuni kichwani.

"Pole, shoga," Mama Sofia akanikumbatia. "Tumekuona bombani tangu mchana unabeba maji huku unalia, unapita foleni hata husemi na mtu. Tukakupisha. Tukasema basi, bibi katutoka."

"Mimi? Bombani?"

"Wewe, na kitenge hikihiki."

Hapohapo sauti ikatoka sebuleni, nyembamba lakini kali: "Huyu wa Kondoa! Uji gani huu hauna sukari?"

Mama Sofia alitupa kuni akaruka uzio. Na yule mama ni mnene.

Mama mkwe aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na yote tuligombana vizuri. Nilipomtajia lile jina, alisahau kunigombeza siku hiyo, jambo ambalo ni muujiza peke yake. Kisha akasema ni jina la utotoni, na waliolijua ni wale tu waliombeba mgongoni. Wote wako kaburini.

Mimi je? Yule bibi hakunirudishia sura yangu aliyoivaa bombani. Hadi leo watu huniambia, "Tulikuona Nzuguni ukilia kwa fulani," na fulani huyo amekufa jioni ya siku hiyohiyo, na mimi Nzuguni sijakanyaga mwezi mzima. Wengine wameanza kunikwepa njiani. Wanikwepe, lakini wasikilize kwanza.

Ukiniona nimeingia kwako, nimenyoosha miguu uani nalia, na mgonjwa wako bado anapumua, usiniambie karibu. Usinionee haya kwa sababu tunajuana. Nipe ndoo. Ukiniona nakataa, nifukuze kwa mwiko, halafu urudi ndani ushike kijiko.