Sufuria la Mama

Kwenye hitma ya baba, wanawake wa kijijini kwetu Kiegeani waliinuka bila kugusa pilau ya mama.

Juzi nimeona soseji dukani, nikaikumbuka ile alasiri ya enzi za Ujamaa. Mwenyekiti Makame alimletea mama soseji na bia ampikie Mjerumani, mgeni wa kijiji.

“Pombe kwenye sufuria langu?”

“Utaosha, Bi Tatu. Nyama yenyewe ya ng'ombe.”

Povu la bia likapanda, likanukia vitunguu na mkate. Mie nikadhani mama anaifua nyama. Baadaye akaosha sufuria mara moja, basi. Kumbe nyama ya nguruwe, najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo! Makame alijua, na hitmani ndiye aliyewapelekea wanawake maneno kwamba sufuria lile lilipikiwa nguruwe.

Mama hakuitwa tena kupika shughulini mpaka amekufa. Makame yu hai, anaswali safu ya mbele. Asimame aseme nani alimdanganya mama.