Nyumba Isiyo na Namba

Ocokoru alizaliwa Pajulu, pembeni ya mji wa Arua, Uganda, akaolewa mbali kidogo, Ludara ya Koboko. Mwaka wa kumi na nne huu ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mshahara hana. Ana fulana ya bluu iliyochujuka, daftari, na simu ndogo ya kazi. Riziki yake ni mandazi anayouza sokoni kila Jumanne, na tuseme kweli, watu humheshimu zaidi kwa mandazi kuliko kwa fulana.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mtu akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, Ocokoru hutuma ujumbe siku hiyohiyo: ugonjwa gani, watu wangapi, nyumba namba ngapi. Ujumbe usio na namba ya nyumba, mashine ya ofisi ya afya ya wilaya huukataa. Wapita njia wana mstari wao katika daftari la kituo cha afya, ulioandikwa "wageni", nao husomwa mwisho wa mwezi.

Namba hizo alizipaka yeye mwenyewe juu ya milango, kwa rangi nyekundu, mwaka vyandarua vilipogawiwa kwa nyumba zenye namba, na ofisi ikaziingiza kwenye mashine. Vyandarua vilikuwa haba. Jirani yake Acidri, mtu wa sauti kubwa, alisimama mkutanoni akasema, "Neti iko kidogo. Kwanza watu ya hapa. Hawa ya Congo wapate kwao." Watu wakaitikia, Ocokoru naye akaitikia, na kopo lake la rangi likaupita mlango wa Marcelline.

Marcelline ni mchuuzi wa samaki wakavu, aliyevuka mpaka akakodi nyumba upande wa pili wa kijito. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ndivyo wanavyosema Waswahili, na jembe Marcelline alipewa. Ametimiza miaka tisa akilima nao, akiimba kwaya nao, akiwapikia misibani. Namba tu ndiyo aliyonyimwa. Hakulalamika, kwa kuwa alidhani ni mambo ya vyandarua, na hata Ocokoru alidhani hivyo.

Jumatatu moja ya mvua nyingi Marcelline alifika akihema. "Mama Ocokoru, kuya uone Patricia. Anahara mayi tupu. Na batoto ba dada yangu nabo."

Patricia alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na mmoja. Ocokoru alimkuta macho yamezama, na ngozi ya mkono, alipoifinya, ilibaki imesimama. Akawakorogea wote watatu maji ya chumvi na sukari, lakini Patricia aliyatapika yote. Huyu alitaka dripu, tena upesi. Kituo cha afya kilikuwa kimeishiwa dripu tangu wiki iliyopita. Dripu zingeletwa na gari, na gari huja kwa ujumbe.

Alituma ujumbe. Ukakataliwa. Akatuma tena, ukakataliwa tena. Basi akakaza khanga akatembea saa nzima hadi kituoni kwa Anguzu, kijana mpole anayeshughulikia ripoti.

"Nyumba namba ngapi, Mama?" Anguzu akauliza.

"Haina namba. Ni kwa Marcelline."

"Basi hao ni wageni."

"Wageni gani? Marcelline iko hapa mwaka tisa!"

"Mimi najua, Mama. Lakini hii mashine haijui." Anguzu akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Weka namba yako. Nani atakuja kuuliza? Ukiweka, gari iko hapa kesho asubuhi."

Namba ya Ocokoru ilikuwa thelathini na moja. Tarakimu mbili tu. Aliishika simu, na kilichomjia kichwani, Mungu amsamehe, hakikuwa Patricia. Yalikuwa mandazi. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Kijijini habari haina mlinzi. Nyumba ikishaandikwa kipindupindu, nani atanunua mandazi yaliyokandwa humo? Wangemkwepa mpaka kanisani.

"Andika wageni," akasema.

Alijua palepale kwamba amefanya ubaya. Alijua njia nzima ya kurudi, na usiku kucha, na bado alfajiri akakanda unga.

Patricia alikufa kabla ya adhuhuri. Habari ilimkuta Ocokoru sokoni, beseni tupu, mandazi yote yamekwisha. Wale wadogo wawili baba yao alikuja kuwachukua kwa pikipiki, akavuka nao mpaka, na mpaka leo hakuna aliyesikia lolote juu yao.

Jumamosi akaanguka Acidri, anayechota maji katika kijito kilekile cha kwa Marcelline. Nyumba namba ishirini na saba. Ujumbe ulipokelewa papo hapo, na Jumapili asubuhi gari likaingia na dripu, dawa ya maji na vyombo vya kuchukulia vipimo vya kupelekwa Arua. Siku ya tatu Acidri alikuwa amekaa kitandani akilalamika kwamba uji hauna sukari.

Majibu ya Arua yalipokuja, ofisa mmoja wa wilaya, Sandra, aliitisha mkutano. Alizungumza Kiingereza, bila majivuno, kama mtu anayependa kazi yake. Alisema mgonjwa wa kwanza wa kijiji hiki aliugua Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo ofisi ikapata habari. Akasema hakuna aliyekufa. Wahudumu wote wangekuwa kama huyu mama, alisema, ugonjwa usingepata pa kukaa. Ocokoru alifungua kinywa. Akamwona Anguzu anatazama viatu vyake, akakifunga.

Marcelline alikuwa amesimama nyuma na dumu lake la maji, kichwa amefunga kitambaa cheusi. Kiingereza hakijui. Akamgusa mwanamke wa pembeni yake akauliza, "Anasema nini?"

"Anamshukuru Mama Ocokoru kwa kazi yake."

Marcelline akatua dumu chini, akapiga makofi pamoja na wengine.