Zamu ya Agneta ya Kuomba

Kila asubuhi Agneta alikuwa wa kwanza kufika. Ananyunyiza maji kwa sakafu ya udongo ndio vumbi isipandie vitambaa, anafagia, halafu sisi tukisimama kwa maombi yeye anatoka na takataka mpaka nyuma ya banda. Akirudi tumeshasema amina. Alifanya hivyo miaka sita na sisi tukasema tu huyu ni mtu msafi. Zamu yake ya kuomba ikifika, alikuwa anampa Waringa, na Waringa anapenda kuomba mpaka chai inapoa.

Banda letu la ushonaji liko Mamboleo. Mashine ni za kikundi, na wanawake ni wanane. Mimi nakaa ya tatu, Agneta alikaa ya nne. Alizaliwa Port Victoria, kwa hivyo tulimwita Nyar Port, yaani binti wa Port. Hakuna mtu alishona kola kama yeye. Zamzam, ambaye anauza vifungo na uzi pale mlangoni, akitandika mkeka wake kuswali saa saba, Agneta alikuwa anasimamisha mashine mpaka amalize. Sisi wengine tuliendelea kupiga kelele.

Jumamosi hakuwa anakuja. Kwa hivyo tulijua ni wa kanisa la Sabato. Hatukumuuliza, tulijua tu. Hata mwenyekiti wetu, Mama Nasipwondi, alikuwa anamtetea: "Mwacheni, hiyo ndiyo siku yao."

Halafu mwezi wa pili kwaya ya Sabato ikatuletea kazi ya mashati meupe. Mwalimu wao anaitwa Sydney. Alikuja kupimwa na akafurahi sana kuambiwa fundi ni mtu wao.

"Dada, wewe unasali kanisa gani? Mbona sijawahi kukuona?"

"Mimi si Sabato."

"Lakini wanasema Jumamosi hufanyi kazi."

"Jumamosi nafua nguo."

Tukacheka wote. Sydney pia akacheka. "Basi unasali wapi?"

"Sisali. Siamini kama kuna Mungu, ndugu yangu. Nyoosha mkono nipime."

Sydney akaunyoosha. Huyo mwanaume hakusema neno baya hata moja, alipimwa akaenda zake. Ni sisi tuliosimamisha mashine.

"Nyar Port, nani alikufa?" Mama Nasipwondi akauliza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Hakuna. Watu wetu wote wako."

"Basi nani alikukosea?"

"Hakuna, Mama. Nilikaa nikafikiria, nikaona siamini. Ni hivyo tu."

Nadhani angesema mtoto alikufa tungemsamehe. Hiyo ya kukaa na kufikiria ndiyo ilituchoma.

"Huyu anaabudu shetani," Waringa akasema.

"Huyo pia simwamini."

"Wewe! Siku utakufa, nani atashika maiki kwa matanga yako? Tutakufukia kama mbwa, bila wimbo!"

"Sitasikia, Waringa. Imbeni, msiimbe, sitasikia."

Kuanzia siku hiyo chai aliyopika ilibaki kwa sufuria. Akiomba mkasi, anarushiwa. Aloo, ambaye Agneta alikuwa amemfundisha kushona zipu, alihamisha kiti chake karibu na ukuta akasema anatafuta hewa. Zamzam hakumtukana, lakini nilimsikia akimwambia, "Mimi na hawa tunapishana, lakini tuna Mungu. Wewe nikushike wapi?" Mchana huo Agneta alisimamisha mashine kama kawaida Zamzam alipokuwa anaswali. Mimi nikaona aibu, lakini yangu niliendelea kuikanyaga.

Alhamisi Waringa alifika mapema. Mimi nilikuwa nimefika kabla yake, nimeinama chini ya meza nikitafuta sindano, hakuniona. Alitoa kachupa ka mafuta ya upako, yale ambayo pasta wake ameombea, akamwaga kwa mashine ya nne, akapaka na kiganja kila mahali, mpaka pale kitambaa kinapopita, akinong'ona "Toka! Toka!"

Agneta akaja, akafanya usafi wake, akaketi, akaanza shati. Alipolivuta, kifua chote kilikuwa na doa la manjano.

"Mmeona?" Waringa akaruka. "Nguo ya kumwimbia Mungu imekataa mkono wake!"

Wakaja wote kuangalia. Aloo akajishika kichwa. Agneta alinusa kitambaa, akapitisha kidole kwa mashine, akanusa tena.

"Haya ni mafuta ya kupikia," akasema. Alimwangalia Waringa, halafu akaniangalia mimi. Nikaangalia sindano yangu. Akalichukua shati, akalisugua na sabuni ya kipande ndani ya beseni, na lile doa likatoka mbele ya macho yetu. Nilidhani hiyo ingetosha.

Mama Nasipwondi akapiga makofi ili tunyamaze. "Nyar Port, mimi sikuchukii. Lakini kazi inaharibika na wateja wataskia. Leo ilikuwa zamu yako ya kuomba, na ukatoka tena na takataka. Simama, sema 'asante Mungu' peke yake, maneno mawili, na hii maneno inaisha hapa. Ukikataa, mashine si yako, ni ya kikundi."

"Mnajua siamini."

"Sema tu."

"Kwa hivyo nimdanganye?"

"Nani?"

"Huyo Mungu wenu. Mnataka nisimame mbele yake niongee uongo, na nyinyi mseme amina. Mimi simwamini na siwezi kumfanyia hivyo. Nyinyi mnaomwamini ndio mnaniambia nimfanyie?"

Waringa akaanza kuimba pambio kwa sauti kubwa, mmoja akaitikia, halafu wote, hata mimi. Tukapiga makofi. Agneta alisimama katikati ya ile kelele akasubiri labda kuna mtu atasema kitu. Alianika shati kwa kamba, akalinyoosha kola vizuri na vidole, akavaa sweta yake.

Zamzam alisogeza boksi la vifungo ili apite. Agneta akamwambia asante, akapita katikati ya bodaboda zilizosimama nje, akashika barabara ya kuelekea mjini. Sisi bado tulikuwa tunaimba. Hajarudi.